Bryan Cranston na kanda ya mwaka 1998: uchambuzi wa uteuzi mmoja wa mwigizaji

Kabla ya sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Breaking Bad kupigwa picha jijini Albuquerque mwaka 2007, mwandishi wake, Vince Gilligan, alikuwa tayari na jina la mtu aliyemtaka aubebe uhusika wa Walter White, mwalimu wa kemia wa sekondari anayetimiza miaka 50, anayegundulika kuwa na saratani ya mapafu, kisha anaanza kupika methamfetamini, dawa ya kulevya, ili aiachie familia yake fedha. Jina hilo lilikuwa Bryan Cranston. Wakuu wa kituo cha televisheni cha AMC walilipokea kwa mashaka. Waliyemjua wao ni Hal wa Malcolm in the Middle, baba mwoga, mpole na mwenye vituko, ambaye Wamarekani walikuwa wamemcheka kwa misimu saba mfululizo. Kwa mtu anayetoa fedha za kituo, shaka hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa ni vigumu kuamini kwamba mtazamaji atamwogopa leo mtu aliyemvunja mbavu jana.

Gilligan hakuingia kwenye mabishano marefu. Alichukua sehemu moja ya The X-Files, tamthilia ya wapelelezi wa FBI wanaochunguza matukio ya ajabu, aliyoiandika yeye mwenyewe na iliyorushwa hewani Novemba 15, 1998, akawaonyesha. Sehemu hiyo inaitwa “Drive”, na Cranston aliyemo ndani yake si baba wa vichekesho hata kidogo. Walipomaliza kuitazama, pingamizi lilikuwa limekwisha nguvu. Uchambuzi huu unahusu uamuzi huo mmoja: kilichokuwamo ndani ya kanda ile, njia iliyomfikisha mwigizaji wa miaka 42 mahali pa kuweza kukifanya, na sababu iliyoifanya AMC, si kituo kingine, iwe tayari kukisadiki.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na kwa maoni yangu husimuliwa kwa namna inayopoteza kiini chake. Watu husema kwamba mchekeshaji alionyesha kuwa anaweza pia kutisha. Lakini mtu wa kutisha hakuwa adimu. Los Angeles imejaa waigizaji wanaoweza kukunja uso na kushika bunduki. Gilligan alikuwa akitafuta kitu kingine kilicho haba zaidi, na alikuwa amekwisha kukiona mara moja.

Miaka iliyotangulia

Cranston alizaliwa Machi 7, 1956, akakulia Canoga Park, kwenye Bonde la San Fernando, jirani kabisa na viwanda vya sinema. Mama yake alikuwa ameigiza redioni, na baba yake, Joe Cranston, alikuwa mwigizaji wa nafasi ndogondogo aliyetaka sana kuwa nyota. Hamu hiyo ilipokosa pa kutua, baba aliiacha familia wakati Bryan ana miaka 11 hivi. Nyumba ilichukuliwa kwa sababu ya deni, na Bryan na kaka yake wakaenda kuishi kwa muda na babu na bibi yao mzaa mama, waliokuwa wakifuga kuku huko Yucaipa. Baadaye alisomea mambo ya polisi katika Chuo cha Los Angeles Valley, akamaliza mwaka 1976, kisha yeye na kaka yake wakapanda pikipiki wakaizunguka Marekani kwa takriban miaka miwili. Safarini humo ndipo alipoamua kuwa ataigiza. Kijana aliyeona nyumbani kwao jinsi kiu ya umaarufu inavyoivunja familia alijiwekea lengo la kiasi: kula jasho la uigizaji peke yake, pasipo kutegemea kazi nyingine ya pembeni.

Orodha ya kazi zake za miaka ya themanini na mwanzo wa tisini ni ndefu na haina mpangilio wowote. Alitangaza dawa ya bawasiri. Alikuwa kwenye Loving, tamthilia ya mchana ya kituo cha ABC, kati ya mwaka 1983 na 1985. Aliingiza sauti katika katuni za Kijapani zilizogeuzwa kuwa za Kiingereza, na baadaye sauti za majitu kwenye Mighty Morphin Power Rangers. Aliitwa kwa wiki moja moja kwenye tamthilia za wenzake, akafanya kazi yake, akalipwa, akaondoka. Kuanzia mwaka 1994 alionekana mara kadhaa kwenye Seinfeld akiwa daktari wa meno Tim Whatley, na wengi wanamkumbuka kwa pale anapoivuta yeye kwanza ile gesi ya kutuliza maumivu kabla ya kumwekea mgonjwa kifaa puani. Kitendo hicho ni cha sekunde chache na hakina neno hata moja, lakini mtazamaji anaondoka akimjua daktari huyo kuliko vile ambavyo mazungumzo marefu yangemjulisha.

Mwaka 2016 Cranston alichapisha kitabu cha maisha yake, A Life in Parts, na ndani yake anaeleza badiliko lililomtokea katika miaka ya tisini ambalo mimi naliona kuwa nguzo ya kisa hiki chote. Kwa miaka mingi alikuwa akiingia kwenye chumba cha usaili kama mwombaji: anataka kazi, anapima nyuso za waliokaa mezani, anatafuta kuwapendeza. Kisha akajifunza kuligeuza jambo hilo. Akawa anaingia ili kuigiza tu, kuwaachia waliomo chumbani mhusika kama yeye anavyomwelewa, halafu anatoka na kulisahau. Suala la nani atachukuliwa halikuwa lake tena. Wengi huuchukulia ushauri huu kuwa ni wa kutuliza moyo, na bila shaka unatuliza, lakini faida yake kubwa ni ya kiufundi. Mwigizaji anayeomba kupendwa humlainisha mhusika wake bila kukusudia. Anapompa maneno ya kikatili huyasindikiza na jicho la kuomba radhi, na mtazamaji huliona jicho hilo hata kama hajui ameona nini. Aliyeacha kuomba anaweza kumwacha mhusika awe mbaya kadiri skripti inavyotaka, na kuiacha huruma ije yenyewe, au isije.

Kilichomo ndani ya kanda

Kuna sababu ya kawaida kabisa iliyomfanya Cranston awe karibu wakati “Drive” inatafuta mwigizaji. Kwa misimu mitano The X-Files ilikuwa ikipigwa picha Vancouver, nchini Kanada. Kuanzia msimu wa sita uzalishaji ulihamia Los Angeles, na “Drive” ni sehemu ya pili ya msimu huo. Waandishi wakapata jua, barabara ndefu za jangwani, na pia bahari yote ya waigizaji wanaoishi Los Angeles na kungoja simu. Mara nyingi tunapozungumzia bahati ya msanii tunasahau kuuliza kazi yenyewe ilikuwa ikifanyika wapi. Kama uhamisho ule usingetokea, nafasi ile ya wiki moja huenda ingekwenda kwa mwigizaji wa Vancouver, na Cranston asingekutana na Gilligan.

Mhusika wake anaitwa Patrick Crump. Tunamkuta Nevada, akiendesha gari kwa kasi kuelekea magharibi huku polisi wakimfukuza na helikopta ya televisheni ikionyesha kila kitu. Askari wanadhani amemteka mwanamke aliye naye, kumbe ni mkewe na anaumwa. Wanamtoa mwanamke huyo garini, wanamfungia kwenye gari la polisi, na hapo anakufa kifo cha kutisha, kichwa chake kikipasuka. Crump naye ana ugonjwa ule ule: shinikizo linajaa kichwani na halipungui isipokuwa anapokwenda magharibi kwa kasi. Akisimama, anakufa. Anamteka mpelelezi Mulder, anamwekea bunduki na kumlazimisha aendeshe. Baadaye inafahamika kuwa chanzo ni antena ya majaribio ya jeshi la majini iliyokuwa ikirusha mawimbi karibu na nyumba ya Crump.

Kwa maelezo hayo peke yake, kumhurumia Crump ni rahisi. Gilligan hakutaka iwe rahisi. Alimwandika kuwa mbaguzi anayewachukia Wayahudi, mwenye mdomo mchafu na fikra za njama kila mahali, anayemtukana mtu yuleyule anayejaribu kumwokoa. Kuna mahali Mulder anamwita kwa jina la ukoo, naye, akiwa amelowa jasho kwenye kiti cha nyuma na damu inamtishia puani, anamkemea kwamba jina hilo litanguliwe na neno “Bwana”. Itazame sehemu hiyo kwa makini. Mtu anakufa, mkewe amekwisha kufa mbele ya kamera za nchi nzima, hana saa nyingi, na bado anachokidai ni heshima ya jina. Mwigizaji mwingine angelitamka dai hilo kwa ukali ili tumchukie, au kwa unyonge ili tumwonee huruma. Cranston analitamka kama mtu aliyelidai maisha yake yote na hajawahi kupewa. Ukali upo na unyonge upo, wala hakuna kilichotangulizwa mbele ya kingine.

Mwishoni mwa sehemu hiyo Mulder anakimbizana na wakati kuelekea pwani ya Pasifiki, ambako mpelelezi mwenzake, Scully, anamngoja akiwa na mpango wa kutoboa sikio la ndani la mgonjwa ili shinikizo litoke. Gari linafika, na Crump amekufa. Gilligan ameeleza mara nyingi kwamba sehemu nzima ilitegemea dakika hiyo: mtazamaji aliyemchukia Crump kwa muda wote huo alipaswa aumie anapokufa. Katika usaili, anasema, waliopita walikuwa wanaweza chuki, lakini walikosa ile huruma inayobaki chini ya chuki. Cranston alipoingia alivileta vyote viwili.

Sasa msome Walter White pembeni ya Crump. Huyu ni mgonjwa anayekaribia kufa, huyo pia. Huyu yuko jangwani akitimua vumbi kukimbia kitu kilicho ndani ya mwili wake, huyo pia. Wote wawili wameumizwa na kunyimwa heshima kuliko wanavyokubali, na wote wawili huwatesa walio karibu. Kwa mwandishi wa Breaking Bad, kanda ile ilikuwa na zaidi ya ushahidi kwamba Cranston ana vipaji vingi. Ilikuwa imekwisha kutatua, kwa dakika zisizofika hamsini, tatizo lile lile ambalo tamthilia nzima ilikuja kulibeba kwa miaka.

Kivuli cha Hal

Malcolm in the Middle ilianza kwenye kituo cha Fox Januari 2000, mwaka mmoja na ushei baada ya “Drive”, ikaendelea hadi Mei 2006 na kufikisha sehemu 151. Cranston aliteuliwa mara tatu kuwania tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi katika vichekesho, na mara zote tatu akaondoka mikono mitupu.

Inafaa kusema kwamba Hal hakuwa kazi nyepesi, kwa sababu simulizi za Breaking Bad humtumia kama ngazi tu. Katika skripti ya mwanzo Hal alikuwa na maneno machache, ilhali mkewe Lois aliandikwa kwa ukamilifu, mwanamke mwenye amri na sauti. Cranston alimjenga Hal kwa kuchukua kila sifa ya Lois na kuigeuza: yeye jasiri, huyu mwoga; yeye anaona kila kitu, huyu yuko mbali kimawazo. Tamthilia yenyewe haikuwa na vicheko vya kurekodiwa vya kumwelekeza mtazamaji mahali pa kucheka, hivyo mwigizaji alibaki peke yake na mwili wake. Katika msimu wa kwanza alikubali kufunikwa na nyuki hai mwili mzima. Anaonekana amesimama ametulia tuli, kama mtu anayejua kwamba akitikisika ataumia, na kichekesho chote kimo kwenye utulivu huo.

Kipaji kilikuwa ni kile kile. Hal pia haombi kupendwa, hajui hata kwamba anatazamwa. Lakini wakuu wa vituo hawatazami kipaji kwa namna hiyo, wanatazama sura na kumbukumbu iliyobandikwa juu yake, na mwaka 2006 sura ya Cranston ilikuwa na Hal kila upande. Kazi alizoletewa zilimtaka awe baba mwingine wa vichekesho. Alizikataa kwa sababu alimwona Hal ndani yake. Kwa mwigizaji aliyepita hamsini, asiye na uhakika wa mkataba unaofuata, kukataa huko kulikuwa na gharama ya kweli, na uteuzi wa 2007 usingewezekana kama angekuwa amekwisha kufungwa na tamthilia nyingine.

Kwa nini AMC

Hapa ndipo wapenzi wa hadithi za vipaji hupita haraka, nami ningependa tukae kidogo. Breaking Bad haikuanzia AMC. Kituo cha FX kiliuchukua mradi huo, kikauacha. Kilikuwa tayari na tamthilia kadhaa za wanaume wenye makosa makubwa. HBO nayo haikuuchukua. AMC wakati huo ilikuwa inajulikana kwa kuonyesha filamu za zamani, kazi iliyoanzishiwa mwaka 1984, na ilikuwa ikitafuta tamthilia zake yenyewe kwa sababu ya hesabu za biashara ya kebo. Kituo cha aina hiyo hulipwa na kampuni za kebo kwa kila kaya iliyounganishwa, iwe inakitazama au haikitazami, na nyongeza hutoka kwenye matangazo. Hatari kubwa kwake ni kuonekana hakina maana na kuondolewa kwenye orodha. Hivyo tamthilia moja inayozungumzwa sana na watu wachache ilikuwa na thamani ambayo kituo kikubwa cha kitaifa, kinachohesabu watazamaji kwa makumi ya milioni, kisingeweza kuiona.

Sehemu ya kwanza, Januari 20, 2008, ilitazamwa na watu milioni 1.4 hivi. Kwenye Fox au ABC idadi hiyo ingeizika tamthilia kabla ya mwezi kwisha. AMC iliivumilia, tena katikati ya mgomo wa waandishi ulioanza Novemba 2007 na kuukata msimu wa kwanza ubaki na sehemu 7 tu. Mgomo huo ungeweza kuiua kazi hiyo. Badala yake, sehemu hizo saba zilimtosha Cranston kushinda tuzo yake ya kwanza ya Emmy Septemba 2008, ya mwigizaji mkuu wa kiume wa tamthilia, akiwashinda Jon Hamm wa Mad Men, tamthilia nyingine ya AMC hiyo hiyo, na Hugh Laurie wa tamthilia ya House, aliyekuwa na watazamaji wengi mno kumzidi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kanda ya 1998 ndiyo iliyoamua, nitajibu kwamba iliamua ndani ya chumba kile, mbele ya watu wale. Ingeonyeshwa kwa wakuu wa kituo cha kitaifa, wangeisifu na kumtafuta mtu mwenye sura inayouza zaidi. Kanda nzuri ilimkuta mwandishi mwenye kauli, na mwandishi akakikuta kituo ambacho hakikuwa na mengi ya kupoteza. Wapo waigizaji wengi wenye kanda nzuri kama ile ambao hawakupata hata kimoja kati ya hivyo viwili, na majina yao hatuyajui.

Kuuvaa uhusika

Ukweli mwingine unaompa Cranston haki yake ni kwamba hakungoja kuambiwa Walter ni nani. Katika mazungumzo yao ya mwanzo alimweleza Gilligan mwili mzima wa mtu huyo kama alivyouona baada ya kusoma skripti: kitambi cha mtu asiyejali tena, nywele zisizo na rangi ya kutaja, masharubu membamba yasiyomtia uanaume wala kumpendeza, nguo za rangi ya mchanga zinazomfanya afanane na ukuta nyuma yake. Alitaka mtu ambaye ungempita dukani na usikumbuke kwamba umempita.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni chupi nyeupe. Gilligan alikuwa ameandika Walter asimame jangwani, bunduki mkononi, akiwa na shati na chupi. Hal naye alikuwa mtu wa chupi hizo hizo, na Cranston kwanza alifikiri kwamba ni busara kuibadilisha ili watu wasimkumbuke yule wa zamani. Alipolitafakari, aliona zinawafaa wote wawili kwa sababu tofauti. Hal huvaa chupi za kitoto kwa kuwa ndani yake bado ni mtoto. Walter huvaa zilezile kwa kuwa kuna siku alikoma kukua, akaacha kujichagulia hata nguo ya ndani. Kwa hiyo akazibakisha. Kitambaa kile kile kilichochekesha kwa miaka sita kinatia simanzi ndani ya dakika ya kwanza ya Breaking Bad, na asiyemjua Hal hapotezi chochote.

Msimu wa pili una tukio ambalo mpaka leo ni gumu kulitazama. Walter anamkuta Jane, mpenzi wa kijana wake wa kazi Jesse, amelala kando ya Jesse akiwa amelewa dawa, anatapika na kukabwa na matapishi yake. Anaweza kumgeuza ubavu akapona. Anasogeza mkono, anausimamisha, anangoja. Cranston ameeleza kwamba wakati wa kupiga picha uso wa binti yake mwenyewe ulimjia mahali pa uso wa msichana yule, na kilio tunachokiona kilianzia hapo. Tazama kinachopita usoni kwa mfuatano: hofu, kisha hesabu, kisha huzuni ya mtu aliyekwisha kukubali matokeo ya hesabu hiyo. Hakuna mstari wa mazungumzo unaotusaidia.

Na msimu wa mwisho, katika sehemu ya “Ozymandias” iliyorushwa Septemba 15, 2013, Walter anampigia simu mkewe Skyler akijua kwamba polisi wanasikiliza. Sauti inamtukana, inamdhalilisha, inajitwika kosa lote ili mke aonekane hakushiriki. Uso unalia. Sauti na uso vinapingana kwa dakika kadhaa bila kimoja kukifuta kingine. Nikiliangalia tukio hilo namwona Bwana Crump kwenye kiti cha nyuma, miaka 15 nyuma, akitukana na kuomba kwa pumzi moja.

Upande wa pili wa kipaji hicho

Haitakuwa uaminifu kuliacha jambo hili. Ustadi uliomfanya mtazamaji amhurumie mtu asiyestahili ulifanya kazi kupita kiasi. Kufikia katikati ya tamthilia Walter alikuwa ameua, amedanganya na kuitia familia yake hatarini, na bado sehemu kubwa ya watazamaji walibaki upande wake. Hasira yao waliielekeza kwa Skyler, mke aliyekuwa akimpinga. Hasira hiyo ilivuka skrini na kumfikia Anna Gunn, mwigizaji aliyeubeba uhusika huo, ambaye Agosti 2013 aliandika katika gazeti la The New York Times kuhusu chuki na vitisho alivyovipata. Gunn aliona ndani ya chuki hiyo jinsi jamii inavyomtazama mwanamke asiyekaa kimya, na sidhani kama alikosea.

Gilligan alikuwa amepanga kumgeuza mhusika mkuu awe mwovu taratibu ili mtazamaji afike mahali pa kumkataa. Wengine walifika. Wengine hawakufika, na nadhani sehemu ya sababu ni Cranston mwenyewe. Hakumwomba mtu ampende Walter, na kwa kutoomba huko alifanikiwa zaidi ya mipango ya mwandishi. Simlaumu kwa hilo, kwani mwigizaji hawajibiki kumwekea mhusika wake alama ya hatari. Lakini anayetaka kujifunza kutoka kwenye uteuzi ule wa 2007 aelewe kwamba kitu kilichowashawishi wakuu wa AMC kilikuwa na nguvu za kuwashawishi watu hata pale waandishi walipotaka washtuke.

Baada ya hapo

Tamthilia ilimalizika Septemba 29, 2013, baada ya sehemu 62, na sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu milioni 10.3, baada ya wengi kuzifuata sehemu za nyuma kupitia Netflix. Cranston alishinda Emmy ya mwigizaji mkuu mara nne: 2008, 2009, 2010 na 2014. Aliongoza sehemu tatu yeye mwenyewe na akawa mmoja wa watayarishaji kuelekea mwisho.

Kwenye sinema mambo hayakuwa makubwa kama wengi walivyotarajia. Alipata nafasi nzuri za pembeni, ikiwamo Argo ya mwaka 2012, na aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora kwa kumwigiza mwandishi Dalton Trumbo katika filamu ya 2015, lakini hakugeuka kuwa jina linalojaza kumbi peke yake. Alikokua zaidi ni jukwaani. Kwenye Broadway mwaka 2014 alimwigiza Rais Lyndon Johnson katika All the Way na kupata tuzo ya Tony, kisha akapata ya pili mwaka 2019 kwa Network, mchezo aliouanzia London na kupewa tuzo ya Olivier huko mwaka 2018. Johnson, mtu mwenye matusi, mbabe, mwenye kiu ya kupendwa na aliyepitisha sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, ni mhusika wa ukoo ule ule wa Crump na White, na haishangazi kwamba alimtafuta.

Kuhusu vichekesho, ambavyo mwaka 2007 vilikuwa karibu vimfungie mlango, tuzo ya Emmy aliyoikosa mara tatu akiwa Hal aliipata hatimaye mwaka 2025, kama mwigizaji mgeni katika The Studio.